Hizo tofali za kuchoma, miti yake mmeihesabu?

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Handeni. Gazeti lenu huku kwetu linafika limechelewa siku mbili tatu, linakuja na basi mpaka mjini afu kuna kijana wa bodaboda analileta pamoja na mikate, kwa hiyo barua yangu ikiwafikia mmeshasahau mlichoandika msinilaumu. Naongelea ile makala yenu ya nyumba bora vijijini, ile yenye picha ya baba amesimama mbele ya tanuri la tofali anacheka, na chini mkaandika kwamba wanakijiji wameachana na nyumba za miti na udongo sasa wanajenga kwa tofali za kuchoma. Hongera kwa huyo baba kwa kweli. Ila mimi nilipoiona ile picha sikumwangalia baba, niliangalia zile kuni zilizopangwa pembeni. Magogo mabichi, mengine yanatoa utomvu bado. Kwenye makala nzima mmeandika simenti, mmeandika bati, mmeandika mpaka bei ya misumari, kuni hamna hata mstari mmoja.

Nitawaeleza kwa nini linaniuma, na nianze kwa kukiri kwamba na mimi nimechoma.

Sisi tulikuwa Dar, Mbagala, chumba na sebule, mimi nashona nguo baba watoto anafanya kazi ya ukonda. 2021 tukaona kodi inapanda watoto wanakua, tukasema turudi kwao. Kwao sio pale barabarani kwenye nyumba zilizopangwa mstari, pale walihamishiwa tu. Kwao hasa ni ndani huko, mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwenye mahame ya babu yake. Mnajua habari ya Operesheni Vijiji, 1974 watu wa huku waliambiwa hameni mkae pamoja mpate shule na zahanati, wakahama, wengine nyumba zao zikaezuliwa paa ili wasirudi. Mama mkwe alikuwa ameolewa hana hata miaka miwili, kaondoka pale na mtoto mgongoni na kinu kichwani. Tangu siku hiyo pakawa pori. Na pori la huku Mhariri likiachwa halichelewi, miaka karibu hamsini bila jembe wala moto mkubwa, myombo imerudi, mlama, mininga iko mingapi sijui, mipingo michache myembamba inayokua kwa kujivuta, yaani mtu mgeni angeapa hapajawahi kukaa mtu.

Siku ya kwanza tumeenda na mama mkwe akatembea mbele yetu kama anaenda kisimani, haulizi njia. Akafika kwenye mwembe mmoja mkubwa akasema hapa ndo palikuwa na uwanja. Akazunguka akachokonoa majani kwa fimbo yake, akaonyesha jiwe la kusagia limezama nusu kwenye udongo. Akakaa juu yake. Hakulia wala nini, akaomba maji.

Kupata ardhi yenyewe sitawachosha. Shemeji yangu mkubwa alianza kwa kelele kwamba ni mali ya urithi hatuombi mtu, mwenyekiti mzee mstaarabu sana akamwambia mwanangu ngoja nikusomee, akatoa kitabu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, kifungu cha 15, kwamba ugawaji uliofanyika wakati ule wa operesheni kuanzia 1970 mpaka 1977 umehalalishwa na haki za zamani kwenye ardhi iliyogawiwa zilishakwisha. Shemeji akanywea. Tukaandika maombi kama watu wengine, halmashauri ya kijiji wakakaa, mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha, tukapewa ekari nne, na hati ya hakimiliki ya kimila tukaja kuipata baadaye. Cha maana kwa barua hii ni masharti tuliyopewa pale mkutanoni, kwamba mninga na mpingo tusiguse bila kibali cha watu wa misitu, na mkaa marufuku. Tukasaini. Kuhusu tofali hakuna mtu aliyesema kitu, na sisi hatukuuliza.

Sasa nyumba inakaa wapi. Baba watoto alitaka kufyeka kila kitu, anaogopa nyoka, na mimi sio kwamba namcheka maana swila tumeua wawili na kifutu mmoja mpaka sasa. Mama mkwe akakataa. Usiku akachana kanga yake kuukuu vipande vipande, asubuhi tukakuta miti imefungwa vitambaa, huu usikatwe, huu usikatwe, huu una kivuli cha mchana, huu una dawa, huu ni wa nyuki. Ikabaki nafasi ya nyumba imekaa kipembe pembe, ramani yetu ya vyumba vitatu tuliyochorewa Mbagala na kijana wa stationari ikabidi igeuzwe, sebule ikaangalia mashariki badala ya barabara, na barabara yenyewe ilikuwa haipo. Fundi wa kwanza alivyokuja akasema hii nyumba itakuwa kama imejificha deni. Sawa, ila mwezi wa kwanza jua la saa nane huku linachoma mpaka kuku anahema, na ndani kwetu mnaweza kulala.

Haya turudi kwenye tofali.

Agosti 2022 tukafyatua tofali 4,000. Udongo ulikuwepo, kalibu tuliazima, maji ndo shida maana Handeni na maji kila mtu anajua hadithi yake, tulikuwa tunachota lambo na kubeba kwa punda wa jirani. Tukaanika, zikakauka, tukapanga tanuri, tukaacha midomo mitatu ya moto, tukakandika kwa nje na udongo. Kisha kuni. Fundi wa tanuri akasema matawi makavu hayafai, yanawaka fasta yanaisha, tofali inataka gogo, nene, tena bichi bichi liende taratibu. Tukakata. Mninga hatukugusa, mpingo hatukugusa, sharti tulilishika, tukawa tunakata myombo na mlama upande wa bondeni ambako mama mkwe hakufunga vitambaa. Siku tatu usiku na mchana tunalisha moto, kwa zamu, watoto wanachoma mihogo pembeni wanafurahi. Siku ya nne likapoa nikaenda bondeni kutafuta panga nililosahau na nikasimama pale.

Nilihesabu visiki. 41. Vingine unene wa paja, vingine unene wa kiuno cha mtu mzima. Miti iliyoota mama mkwe akiwa msichana na kukua kipindi chote yeye anazeeka barabarani kule, tumeimaliza kwa siku tatu, na sio kwamba imekuwa mbao au hata ugali, imekuwa joto.

Na tulivyofungua tanuri, tofali za kati zimeiva vizuri nyekundu zinalia ukizigonga, za pembeni mbichi, za juu zimepasuka. Kama 1,300 hazifai kitu. Mvua za vuli zikanyesha mapema tukiwa hatujafunika, zile mbichi zikarudi kuwa matope. Fundi wa msingi tuliyekuwa tumempa nusu ya hela akapata kazi nzuri zaidi sehemu nyingine, simu yake mpaka leo inasema mteja hapatikani. Hizo 2,700 zilizobaki ndo tumejengea choo na jiko la nje, kwa hiyo Mhariri ukija kwetu ukaenda msalani ujue umezungukwa na miti 41.

Baba watoto alitaka turudie. Kusema ukweli tuligombana. Yeye hesabu yake ilikuwa nyepesi, nyumba nzima inataka tofali kama 7,000 za kuchoma, kuni ni bure, udongo bure, nguvu zetu. Mimi nikamwambia kama 4,000 zimekula miti 41 basi 7,000 zitakula sabini na kitu, bonde litabaki uwanja wa mpira, na wewe huna timu. Tukanuniana wiki. Aliyetupatanisha ni mtu wa maendeleo ya jamii wa kata, alikuja kwa shughuli za vikundi vya akina mama akaona lile rundo la matope akauliza kwani hamjui tofali za kufungamana?

Tulikuwa tumezisikia, hizi zinazoshikana zenyewe ukizipanga, tukidhani ni za watu wa mjini wenye hela. Kumbe ni teknolojia ya zamani tu, kuna Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, walianza kama kitengo cha utafiti wa majengo 1971 wakawa wakala 2001, kazi yao mojawapo ni kuzifundisha hizi tofali, na mashine ni ya mkono, haitaki umeme, unajaza udongo uliochanganywa na simenti kidogo unafunika unavuta mkono wa chuma kwa nguvu zako zote tofali inapanda. Haichomwi. Inafunikwa na nailoni inamwagiliwa maji wiki moja mpaka mbili inakomaa yenyewe.

Ngoja nieleze vizuri maana hapa ndo watu wanakosea halafu wanasema tofali za udongo hazifai.

Kwanza udongo. Sisi tulikimbilia udongo wa kichuguu, si unajua unavyosifiwa kwa kukandika na kusakafia. Fundi wa tofali hizi akakataa, akasema una mfinyanzi mwingi mno, tofali itajikunja na kupasuka ikikauka. Akachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu akakata shingo, akatia udongo nusu, maji, chumvi kidogo, akatikisa akaacha mpaka kesho yake. Chini ukakaa mchanga, katikati vumbi laini, juu mfinyanzi, unaona kwa macho tabaka kwa tabaka. Akapima kwa rula ya mtoto wa shule. Tulijaribu sehemu tano ndo tukapata udongo mwekundu wenye mchanga wa kutosha, tena ulikuwa pale pale tulipochimba shimo la choo. Udongo mweusi ule wa mbugani usijaribu kabisa, ule hata nyumba juu yake inacheza.

Pili ni kuchekecha, kila kitu kipite kwenye wavu, jiwe moja dogo linaharibu tofali na linaweza kuumiza mashine. Tatu usichanganye mzigo mkubwa ukaenda kula, simenti ikishaonja maji haisubiri, unachanganya kidogo unafyatua unamaliza ndani ya saa moja. Vijana wa kwanza tuliowachukua vibarua walikuwa wanachanganya mzigo wa asubuhi nzima ili wapumzike, tofali za siku hiyo ukizigusa kona zinamong'onyoka, tukazitupa zote, 180, na hiyo ni hasara yetu wenyewe sina wa kumlaumu.

Hesabu sasa, maana mlipenda kuandika bei. Mashine ile inatoa tofali ya sentimita 30 kwa 15 kwa 10, na ukizipanga mita moja ya mraba ya ukuta inakula kama 33. Ukuta wetu wote ukiondoa milango na madirisha ni karibu mita za mraba 110, tofali 3,600 na kidogo. Mfuko mmoja wa simenti kwa udongo wetu ulitupa tofali 65 mpaka 70. Mifuko 54. Simenti mpaka ifike huku kwetu ilikuwa 18,500, yaani milioni moja kasoro elfu moja. Mashine tulikodi elfu ishirini kwa siku, ingeweza kutumika siku 12 ila kwa sababu ya maji tulikwenda siku 16. Maji yenyewe dumu shilingi 500, na hapa nikiri hapa ndo hela ilivuja bila kujijua, nilikuwa naandika kwenye daftari la mtoto halafu nikaacha kuandika kwa sababu ya presha.

Na mwenye tofali za kuchoma akinunua 7,000 kwa bei ya kijijini ya 150, ni milioni moja na elfu hamsini, hajaweka simenti ya kujengea. Za kufungamana zinakaa moja juu ya nyingine kama vyombo, simenti unatumia chini kabisa, juu kwenye lenta na kwenye kona. Hata lipu ya nje hatukupiga, mpaka leo ukuta uko vile vile mwekundu, mvua haijauonea maana tulitoa paa nje vya kutosha na msingi wa mawe tuliunyanyua. Kwa hiyo kwenye hela tumekaribiana. Tofauti iko bondeni.

Najua kuna atakayesema simenti nayo inachomwa huko kiwandani, kwa makaa na gesi, ina moshi wake. Ni kweli na mimi sikatai, ila mifuko 54 ndo hiyo hiyo, na jirani yangu wa tofali za kuchoma naye ananunua simenti ya kujengea, ya lipu, ya sakafu, halafu juu yake anaongeza na kuni. Na kuna atakayesema basi rudini kwenye miti na udongo kama bibi zenu. Mama mkwe mwenyewe anawacheka hao. Anasema nyumba yao ile ya fito na udongo ilikuwa na baridi nzuri, ila mchwa waliimaliza kila baada ya miaka michache na kila mara ilikuwa ni kwenda kukata fito upya, mia na zaidi, wakati ule watu wachache pori kubwa. Sasa hivi kila kiwanja kina mtu.

Mchwa nao waliturudi kwenye paa. Hapo tulitaka kupasua mbao humu humu porini tukaambiwa kibali na foleni yake, baba watoto akasema afadhali, tukanunua mbao za paina zilizowekwa dawa, zile zinazotoka mashamba ya serikali ya Sao Hill kule Mufindi, miti iliyopandwa ili ikatwe. Kenchi na papi zote ni hizo. Ila flemu mbili za milango ya uani tulibana matumizi tukaweka mbao ya bei rahisi tukaipaka oili chafu, miezi minane tu ukigonga inaita kama ngoma. Bati tulichukua geji 30 kwa sababu ya bajeti, na hilo najuta, mvua ikinyesha hatusikilizani ndani. Na ilinyesha. Tuliezeka Oktoba 2023, Novemba ikaja ile El Niño, madirisha bado ni matundu tumeziba kwa viroba, mama mkwe amelala katikati ya nyumba na watoto wamemzunguka kama vifaranga, maji yanapita nje kwenye mfereji tuliochimba usiku huo huo kwa taa ya simu. Asubuhi nikapita ukuta kwa ukuta na kidole. Hakuna uliotitia.

Mhariri, sasa nifike kwenye kinachoniudhi.

Mwaka 2024 mwezi wa tano serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mmeandika sana na ninyi, kurasa za rangi, mitungi ya gesi inagawiwa, mama anacheka. Vizuri. Huku kwetu kuna mama mjane alikamatwa na magunia mawili ya mkaa akapigwa faini mbele ya ofisi, na sina tatizo kubwa na hilo, sheria ni sheria. Ila siku ile ile, nyuma ya ofisi ile ile, tanuri linafuka moshi, na kila kaya ilikuwa imeagizwa kuleta mzigo wa kuni kwa ajili ya tofali za mradi wa kijiji. Mti ukiingia jikoni ni uharibifu wa mazingira, ukiingia kwenye tanuri ni maendeleo. Mimi nilipeleka mzigo wangu kama wenzangu, nani atakubali kuandikwa daftarini kwamba hashiriki.

Ripoti za misitu za serikali zinasema tuna hekta milioni 48.1 za misitu na sehemu kubwa ni mapori kama haya yetu, ya miombo, na kwamba tumekuwa tukipoteza kama hekta 469,000 kwa mwaka. Najua kubwa ni mashamba na mkaa, sisemi tofali ndo zimemaliza nchi. Ila shamba la mtu naliona, gunia la mkaa naliona, lori la mkaa linalopita usiku kwenda Chalinze naliona. Kuni za tofali sizioni popote zimeandikwa, kwa sababu tofali ikishaiva kuni zimeshakuwa majivu, na nyumba ikishapigwa lipu nani atauliza. Na tulikuwa milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, wengi bado hatujajenga.

Nachoomba sio kwamba watu wakatazwe. Ukimkataza mtu tofali ya kuchoma bila kumpa nyingine umemwambia aendelee kulala kwenye nyumba inayovuja. Mashine moja ya mkono kwa kata moja, ikae ofisi ya kata, ikodishwe kwa bei ya kuiendesha tu, na fundi mmoja aliyefundishwa kupima udongo kwa chupa. Halmashauri zinanunua vitu vikubwa kuliko hivyo. Ile tuliyokodi sisi ilitoka wilaya nyingine kabisa, ilikuja kwenye keria ya basi, na nauli yake tulilipa kama abiria wawili. Wenzetu saba wameshakuja kuangalia nyumba yetu, wanashika ukuta, wanauliza mashine iko wapi, nikiwaambia ilikotoka wanashukuru wanaondoka, na baada ya mwezi naona moshi upande wao.

Na ninyi gazetini, mkiandika tena nyumba bora, pembeni ya bei ya bati wekeni na idadi ya miti. Muulizeni tu mwenye nyumba, anaijua, hakuna aliyekata gogo akasahau. Huyo baba wa kwenye picha angewaambia.

Mengine ya kuishi porini sijayaandika maana sio shida. Komba wanalia usiku kama watoto wachanga, mgeni wetu kutoka Dar alikesha. Ngedere wanakula mahindi yetu mistari miwili ya mwisho na tumeshaamua hiyo ni ya kwao. Kila mwezi wa sita tunafyeka na kufagia njia ya moto kuzunguka eneo lote, hatua kumi upana, kwa sababu watu wanachoma pori wakitafuta panya na moto hauulizi hati. Mizinga sita baba watoto ametundika kwenye ile miti ya vitambaa, mitatu ina nyuki, asali ya kwanza tumenunulia vioo vya dirisha moja. Choo cha ndani bado. Umeme bado, tuna sola ya taa tatu na kuchaji simu.

Vile visiki 41 mimi huwa napita kuvihesabu, baba watoto anasema nina ugonjwa. Myombo ukiukata haufi hapo hapo, unachipua pembeni, kwa hiyo mpaka juzi 29 vina machipukizi na marefu yake yamenizidi kimo. Kumi na viwili vimekufa, hivyo vilikuwa karibu sana na tanuri. Mwanangu wa mwisho ndo anashika rula.

Mkipenda kuja kupiga picha karibuni, njooni Septemba au Oktoba kabla ya mvua, wakati myombo inatoa majani mapya mekundu utadhani pori lina moto. Gari dogo linafika mpaka kwenye mwembe. Ila maji ya kunywa mje nayo.

Msomaji wenu,
Handeni, Tanga